Uchu, Hamu na "Wali wa Kyela"

Chakula kimoja katika Kiswahili hupewa majina matatu: shambani ni mpunga, ghalani mchele, mezani wali. Kiingereza huyakusanya yote katika neno moja. Tofauti hii hudhihirika kwa mzaliwa wa Kyela aishiye London. Mchele haumpungukii, hata wa kunukia, kama basmati, huuzwa madukani. Anachokikosa ni wali wa Kyela, ulioliwa kwa usipa, yaani *Engraulicypris sardella*, samaki mdogo asiyepatikana kiasili nje ya bonde la Ziwa Nyasa. Kwa hiyo a-unganifu katika "wali wa Kyela" haionyeshi mahali mpunga ulikolimwa tu. Hubeba pia ziwa, kitoweo na walaji wenza. Asemapo "nina uchu", mzungumzaji huyo hutaja tumbo. Asemapo "nina hamu", hutumia neno lenye asili ya Kiarabu, *hamm*, lenye maana ya huzuni na mashaka. Uchu hutulizwa na sahani ya basmati. Hamu hubaki palepale. Basi, kamusi itakayofasili hamu kuwa ni uchu mkubwa tu itakuwa imeiacha nusu ya maana yake.