Simu ya Binti Aendaye Embu



Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, kina mama wa huku pwani hutujia na swali hili. Binti amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Embu, au kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, naye mama ataka amnunulie simu kabla hajapanda basi. Muuzaji humwekea Nokia mbili: moja ya vitufe, moja ya kugusa. Kwa kuwa jina ni moja, mama hudhani tofauti ni umbo na bei.

Tofauti kubwa imo ndani. Mfumo endeshi ndio uamuao programu zipi zitakaa katika simu, na kwa muda gani. Februari 2018, mjini Barcelona, kampuni ya HMD Global, itengenezayo simu kwa jina la Nokia, ilizindua pamoja Nokia 8110 4G, yenye vitufe na mfumo wa KaiOS, na Nokia 1, yenye Android Go, yaani Android iliyopunguzwa uzito. Ya kwanza ilipewa RAM ya MB 512, ya pili GB 1. Zilitoka nyumba moja, lakini majaaliwa yao hayakuwa mamoja. WhatsApp ilienea katika simu za KaiOS mwaka 2019. Juni 2024 ikaacha kupakuliwa humo, na waliokwisha kuwa nayo wakaarifiwa kwamba itakoma mapema 2025. Simu ni nzima, betri ni nzima, lakini kundi la darasa halifunguki tena. Mwanafunzi asiyeona tangazo la mtihani kubadilishwa saa hana wa kumlaumu ila aliyemchagulia simu.

Tunajua kinachowavuta baadhi ya wazazi kwenye vitufe, nacho si bei. Ni khofu. Binti atakuwa mbali, katika mji usio na shangazi wala jirani, na mzazi huona kwamba simu ndogo itamkinga na fitna. Khofu hiyo tunaiheshimu, lakini dawa yake siyo hii. KaiOS ina kivinjari cha intaneti, na simu zake huja na YouTube. Udogo wa kioo haukumzuia mtu kutazama apendacho. Isitoshe, mfumo uogopwao ndio wenye kufuli: Android ina Family Link, ambayo kwayo mzazi aweza kumpangia mtoto mdogo saa na programu. Kwa binti wa chuo tusingeitumia. Aliyeaminiwa kusafiri mpaka Embu na aaminiwe na simu.

Wengine husema Android yahitajika kwa ajili ya kibla. Simu nyingi za bei nafuu hazina dira ndani yake, na programu ya kibla bila dira si ya kutegemewa. Mombasa twaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Meru na Embu ni kaskazini pia, kwa kuinama kidogo mashariki. Aliyeko Embu mjini atauona Mlima Kenya mbele yake, upande wa kushoto. Aliyeko Meru ameupa mgongo.

Basi kwa binti, chukueni Android, ila msikubali kila kiitwacho hivyo. Nokia 1 ilianza na Android 8.1, ikafikishwa 10, ikaishia hapo. Nayo GB 1 ya RAM leo ni dhiki. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji afungue mipangilio, asome mbele yenu namba ya Android na kiasi cha RAM. Mkipata GB 3 au 4, simu itahimili masomo.

Ile ya vitufe ina mwenyewe pia. Bibi aliyeko Majengo ya Meru, ambaye haja yake ni kusikia sauti za wajukuu na kupokea M-Pesa, ataifurahia: menyu ya M-Pesa imo katika laini, haiulizi mfumo.