Seremala aliyefika kileleni mwa usanifu

KIJANA wa Kiembeni, Mombasa, anayeshika randa na msumeno huenda akadhani usanifu wa majengo ni kazi ya watu wengine. Safari ya Francis Kéré yathibitisha kinyume.

Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alikwenda Ujerumani mwaka wa 1985 kusomea useremala. Baadaye alisomea usanifu mjini Berlin. Hata kabla ya kuhitimu mwaka wa 2004, alikuwa amekwisha kukijengea kijiji chake shule ya matofali ya udongo, yenye paa la mabati lililoinuliwa juu ya dari ili upepo upite katikati.

Humu nchini, alisanifu chuo cha Startup Lions, Turkana, kilichokamilika mwaka wa 2021, ambako vijana hufunzwa teknolojia ya kompyuta. Minara yake, iliyobuniwa kwa kuiga vichuguu vya mchwa, hutoa hewa moto juu, huku hewa safi ikiingilia matundu ya chini. Hivyo wanafunzi na kompyuta hukingwa dhidi ya joto.

Mwaka wa 2022, Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pritzker, iliyo kuu katika fani hiyo. Kwa Pwani yenye joto na mafundi tele, funzo li wazi: ujuzi wa karakana si kizuizi cha elimu ya chuo, bali ni msingi wake.