Kunoa au Kulea? Ukufunzi wa Wanariadha Chipukizi na Suala la Muda: Mfano wa Elwak

Utangulizi

Msomaji wa kurasa za michezo katika magazeti ya Kiswahili hukutana na kitenzi kimoja mara kwa mara: kunoa. Kocha huwanoa vijana wake, timu hunolewa kwa ajili ya fainali, na kocha mwenyewe huitwa mnoaji. Istiari hii ni ya kisu, na imeshika kwa sababu inaeleweka upesi. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kutumia kisu anafahamu kwamba kila kinaponolewa hupungua. Makali hupatikana kwa chuma kuliwa na jiwe. Lugha ina kitenzi kingine ambacho kurasa hizo hukitumia kwa nadra zinapomzungumzia mwanariadha, nacho ni kulea. Chenye kulelewa huongezeka.

Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo kati ya shughuli hizo mbili katika ukufunzi wa wanariadha chipukizi. Mfano unaotumika ni Elwak, mji wa mpakani katika Kaunti ya Mandera, zaidi ya kilomita 700 kutoka Nairobi. Dai la msingi ni kwamba kumlea mwanariadha hakutegemei kwanza uwanja wala viatu, bali mtu mzima anayekaa naye miaka mingi. Elwak imenyimwa jambo hilo kwa namna ambayo miji mingine ya Kenya haikunyimwa.

Samaki mbichi na samaki mchanga

Methali inayonukuliwa sana katika mjadala huu ni ile isemayo samaki mkunje angali mbichi. Wakufunzi wengi huichukua kuwa ruhusa ya kumbana mtoto katika mchezo mmoja mapema iwezekanavyo. Ufafanuzi huo una kasoro, kwani ubichi si uchanga. Samaki mbichi huweza kuwa mkubwa aliyekomaa. Kinachosisitizwa na methali ni unyumbufu, wala si umri.

Mtaalamu aliyelipa suala hili umbo la nadharia ni Istvan Balyi, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Kanada. Tangu miaka ya 1990 alipendekeza kwamba makuzi ya mwanamichezo yapangwe kwa hatua: kwanza mtoto acheze na kufurahia, kisha ajifunze kufanya mazoezi, kisha afanye mazoezi ili aujenge mwili, ndipo afundishwe kushindana, na mwisho kabisa kushinda. Balyi alitenga michezo inayohitaji kuanzwa mapema, kama vile sarakasi za viungo, na ile inayoweza kusubiri. Riadha na kandanda zimo katika kundi la pili. Nadharia hiyo haikupokelewa bila pingamizi. Dai lake kwamba kuna vipindi maalumu ambapo uwezo fulani hukuzwa, na visipotumiwa basi fursa imepotea, limekosolewa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Lakini kiini chake kimebaki imara: umri wa kalenda si umri wa mwili.

Wasichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, na wavulana wakiwa na miaka 14 hivi, lakini tofauti baina ya mtoto na mtoto huweza kufikia miaka miwili au zaidi. Katika kipindi hicho mifupa hurefuka kabla ya misuli na kano kuifuata. Mtoto aliyekuwa mwepesi huwa mzito wa miguu kwa miezi kadhaa, na wengine huumwa chini ya goti, mahali ambapo kano ya paja hujishikiza kwenye mfupa unaokua. Mkufunzi asiyejua haya humwita mvivu. Anayejua humpunguzia mbio na miruko, humwachia achezee mpira, naye husubiri.

Kusubiri ndiko kugumu, kwa sababu muundo wa mashindano ya shule nchini Kenya haukujengwa kwa ajili ya kusubiri. Ngazi huanzia chini, hupanda hadi kaunti, kisha eneo, kisha taifa. Anayeshindwa katika ngazi ya kwanza ameumaliza mwaka wake wa mashindano kwa siku moja. Mwalimu anayetaka shule yake ifike Garissa au Wajir huchagua waliokwisha kubalehe na kuwaacha wadogo wa umbo, ingawa miongoni mwa hao wadogo huenda wamo watakaokuwa bora wakifika miaka 20. Mwalimu huyo si wa kulaumiwa sana. Anapimwa kwa vikombe.

Waliongojewa

Mfano unaotajwa daima ni wa Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland aliyefika Shule ya Upili ya St. Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuja akiwa kocha. Alijifunza kazi hiyo kwa kuwatazama wanafunzi wake, naye hakuondoka. David Rudisha alipitia mikononi mwake. Akawa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 800 mwaka 2006. Mwaka 2008 jeraha likamnyima Olimpiki. Mwaka 2009 mjini Berlin akatolewa katika nusu fainali. Kocha mnoaji angekwisha kutupa kisu hicho. Mwezi Agosti 2010 Rudisha alivunja rekodi ya dunia mara mbili katika muda wa wiki moja, na tarehe 9 Agosti 2012 jijini London akaivunja tena kwa dakika 1 na sekunde 40.91.

Kisa cha Eliud Kipchoge kinafanana na hicho. Akiwa kijana wa miaka kama 16 alimwomba jirani yake, Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya 1992 katika mbio za kuruka viunzi na maji, amwandikie ratiba ya mazoezi. Mwaka 2003 Kipchoge akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Mwaka 2012 alishindwa hata kuingia katika timu ya Olimpiki. Akahamia marathoni mwaka 2013, kocha akiwa yule yule, akatwaa dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016 na tena katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021.

Samuel Wanjiru, kwa upande wake, alipelekwa Japani mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 15. Mwaka 2008 alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, na Mei 2011 alifariki nyumbani kwake Nyahururu akiwa na miaka 24, baada ya miezi ya misukosuko ya kinyumbani iliyoandikwa sana magazetini. Si haki kumlaumu kocha yeyote kwa kifo hicho. Lakini kisa chake kilileta swali ambalo ukufunzi wa kunoa haujui kulijibu: nani humfunza mwanariadha kuishi na fedha, na sifa, na upweke?

Elwak na watoto wake

Elwak haiko juu ya milima kama Iten. Ni nyanda za chini, zenye joto, ukame na ardhi ya jasi. Jina lake ni la Kisomali: ceel ni kisima, na Waaq ni jina la kale la Mungu miongoni mwa Wakushi. Desemba 1940 askari wa Gold Coast na wa Afrika Kusini waliishambulia ngome ya Waitalia mahali hapo, na kwa kumbukumbu ya vita hivyo uwanja wa michezo wa jeshi jijini Accra ukaitwa El-Wak. Hivyo jina la mji huu linajulikana na wanariadha wa Ghana, huku watoto wa mji wenyewe wakijifunzia mbio juu ya vumbi.

Kwamba watu wa mazingira haya wanaweza kukimbia hakuhitaji kuthibitishwa tena. Abdi Bile, Msomali kutoka Laascaanood, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mjini Roma mwaka 1987. Alikuwa amepata kocha na utulivu katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Jeraha lilimnyima Olimpiki ya 1988, lakini mwaka 1996 bado alikuwamo katika fainali ya Olimpiki ya Atlanta. Samia Yusuf Omar wa Mogadishu hakupata utulivu wa aina hiyo. Alikimbia mita 200 Beijing mwaka 2008, akamaliza wa mwisho katika kundi lake huku umati ukimshangilia, akarudi kufanya mazoezi katika jiji la vita. Mwaka 2012 alikufa maji katika Bahari ya Kati akijaribu kufika Ulaya. Kati ya Bile na Samia tofauti si kipawa tu. Neno kipawa lenyewe linatokana na kupawa, yaani kupewa. Halisemi lolote kuhusu atakayekitunza kilichotolewa.

Mkufunzi wa Elwak analazimika kuanza na kalenda, wala si ile iliyochapishwa Nairobi. Jilaal, kiangazi kikali cha kuanzia Januari hadi Machi, si wakati wa mbio ndefu. Mvua za Gu huja kati ya Machi na Mei, na za Deyr kati ya Oktoba na Desemba. Zikikosekana, kama zilivyokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, baadhi ya familia huhama na mifugo, na mtoto aliyekuwa mazoezini Jumatatu huwa hayupo Ijumaa. Mazoezi hufaa baada ya sala ya alfajiri au kati ya alasiri na magharibi. Ramadhani husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, hivyo mpango wa miaka minane lazima uihesabu katika misimu tofauti. Katika mwezi huo kazi hupunguzwa na kusogezwa karibu na futari, ili maji yapatikane mara moja. Kocha anayeuita mwezi huo hasara hajaelewa kwamba kijana anayejizuia siku 30 tayari amefundishwa jambo ambalo makocha wengine hulitafuta kwa miaka.

Kwa wasichana, mavazi ya stara si kikwazo kikubwa kama wageni wanavyodhani. Kikwazo ni kutokuwapo kwa mwanamke wa kuwafunza, ambaye mama anaweza kumkabidhi binti yake bila wasiwasi.

Jambo zito zaidi ni la walimu. Katika shule za Kenya kocha ni mwalimu, na Kaskazini Mashariki walimu wengi walikuwa wakitoka nje ya eneo hilo. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na watu 28 wakauawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo. Mwanzoni mwa 2015 mamia walikataa kurudi, na baada ya mashambulizi mengine walimu wengi zaidi walihamishwa mwaka 2020. Takwimu za elimu hutaja masomo yaliyokosa walimu. Hazitaji timu zilizokosa makocha, wala mtoto wa miaka 13 ambaye mtu pekee aliyekuwa akimpimia muda wake aliondoka katikati ya muhula. Karibu na Elwak, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilivamiwa, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na wenzao Wakristo. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi na kufariki Januari 2016. Kisa hicho kilikuwa chanzo cha filamu fupi ya Watu Wote ya mwaka 2017.

Kutokana na hali hiyo, nadharia ya hatua za Balyi haiwezi kutekelezwa Elwak na mwalimu anayekaa mihula mitatu. Inahitaji wenyeji: mwenye duka aliyewahi kucheza mpira, mwalimu wa madrasa, msichana aliyemaliza shule na kubaki mjini. Hawa hawaondoki. Mtaala wa umilisi, wenye mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari, umefungua mlango, lakini mkondo ulioandikwa kwenye karatasi hauna miguu. Hata hati zina sehemu yake. Kijana wa mpakani alipofikisha miaka 18 alikuwa akipitia usaili wa ziada kabla ya kupata kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna pasipoti wala mashindano ya nje. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa usaili huo.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoingia. Miongozo mingi ya ukufunzi imeandikwa kwa Kiingereza. Mkufunzi mwenyeji wa Elwak huitwa tababare kwa Kisomali, naye husoma Kiswahili cha shuleni vizuri kuliko Kiingereza cha wataalamu. Kijitabu cha kurasa 30, chenye Kiswahili sanifu na chepesi, kingemweleza jinsi ya kupima urefu wa mtoto kila baada ya miezi mitatu, kutambua kipindi cha kurefuka, kupunguza mazoezi, na kuandika yote katika daftari. Daftari hilo likae shuleni, si katika mkoba wa mwalimu. Akihamishwa, msaidizi wake alifungue na kuona kwamba msichana wa mstari wa tatu amerefuka sentimita nne tangu Januari, kwamba goti lake la kushoto lilianza kuuma mwezi wa Juni, na kwamba asikimbizwe hadi mvua za Deyr.