Bega Linalouma Bila Mzigo

Msusi anayeshinda na mikono juu ya kichwa cha mteja, fundi aliyeinamia cherehani, karani asiyebandua macho kwenye kompyuta: hakuna kati yao aliyebeba gunia. Jioni, hata hivyo, msuli ulio kati ya shingo na bega umekakamaa na unawaka. Nyumbani wakilalamika huambiwa kazi yenyewe ni ya kukaa tu, uchovu umetoka wapi? Swali hilo linawaonea. Ukubwa wa mzigo hauelezi maumivu haya. Kinachoyaeleza zaidi ni muda ambao msuli umekaa bila kuachiwa.

Msuli unaohusika zaidi ni trapezi, unaoanzia kisogoni na kusambaa hadi mabegani na katikati ya mgongo. Nyuzi zake zimepangwa katika vikundi, na kila kikundi huamrishwa na seli moja ya neva. Mwaka 1965 Elwood Henneman na wenzake walieleza utaratibu wa amri hizo: vikundi vidogo huitwa kwanza, na vikubwa huongezwa kadiri nguvu inavyohitajika. Mwaka 1991 mtafiti wa Sweden, Göran Hägg, aliona maana ya utaratibu huo kwa wafanyakazi. Kazi nyepesi isiyokatika huziangukia nyuzi zile zile saa baada ya saa, huku kubwa zikiwa hazijaitwa kabisa. Akazifananisha na Cinderella wa hadithi, binti anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Ndiyo maana msuli mzima unaweza kutumia sehemu ndogo sana ya nguvu zake, na bado ndani yake zipo nyuzi zilizochakaa.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ulitoka Norway. Kaj Bo Veiersted na wenzake walibandika elektrodi mabegani mwa wanawake waliofungasha chokoleti kiwandani, wakasikiliza umeme wa msuli. Hata katika kazi ya mfululizo, msuli hunyamaza mara kwa mara, pengine kwa sehemu tu ya sekunde. Waliokuwa na vituo vichache vya namna hiyo ndio walioelekea zaidi kupata maumivu.

Damu inaingiaje hapa? Msuli ukijikaza, shinikizo ndani yake hupanda na kuibana mishipa midogo. Hali huwa mbaya zaidi kwa msuli mdogo ulio juu ya bapa la bega, ambao umefungiwa kati ya mfupa na utando mgumu: mkono ukiinuliwa tu, hata ukiwa mtupu, shinikizo laweza kufikia kiwango cha kupunguza mtiririko wa damu. Msusi anaishi katika hali hiyo siku nzima. Vipande vya trapezi vilivyochunguzwa kwa hadubini vimeonyesha nyuzi zenye mitokondria zilizovurugika, na mishipa midogo isiyotosha kulingana na unene wa nyuzi inazozilisha. Tuwe waangalifu, kwa sababu nyuzi za aina hiyo zimeonekana pia kwa wafanyakazi wa usafi wasiolalamika maumivu. Kwa hiyo ni alama ya kazi, na peke yake haitoshi kueleza maumivu.

Pengo hilo linajazwa na kemia. Watafiti wa Denmark na Sweden waliingiza mrija mwembamba sana ndani ya msuli na kukusanya vitu vilivyo kwenye majimaji yanayozunguka nyuzi. Kwa wanawake wenye maumivu sugu ya trapezi walikuta glutameti na serotonini nyingi kuliko kwa wenye afya. Vitu kama hivi, pamoja na potasiamu, bradikinini na hali ya asidi, huziamsha na kuzinoa ncha za neva zinazopokea maumivu. Neva iliyonolewa hupiga kelele hata kwa kuguswa kidogo. Watu wengi huilaumu asidi ya laktiki peke yake, wakidhani imerundikana begani kwa wiki nzima. Sivyo: mwili huiondoa ndani ya saa chache. Kinachodumu ni uchokozi wa neva, na kwa baadhi ya watu hata uti wa mgongo hujizoeza kuuma.

Hofu ya bosi au ya kodi ya nyumba nayo ina njia yake. Msongo wa mawazo huweza kuziamsha nyuzi hizo hizo ndogo hata mikono ikiwa imetulia, kwa hiyo mapumziko ya chai yenye wasiwasi hayaupumzishi msuli.

Basi mtu afanye nini? Kuinua kiti au kushusha meza husaidia, lakini kubadilisha aina ya kazi ndani ya siku huweza kusaidia zaidi, ili nyuzi ndogo zipate likizo. Mazoezi ya nguvu pia yana ushahidi. Mwaka 2011 Lars Andersen na wenzake nchini Denmark walichapisha jaribio la wafanyakazi wa ofisini 198: dakika 2 kwa siku za kuinua mikono pembeni kwa mpira wa kuvuta, siku 5 kwa wiki kwa wiki 10, zilipunguza maumivu ya shingo na bega. Kuvuta kwa nguvu huziita nyuzi kubwa, huongeza mtiririko wa damu, kisha huacha msuli upumzike kweli.

Lakini bega linalouma pamoja na kifua kubana, mkono kufa ganzi au kulegea, homa, au uzito kupungua bila sababu, halingoji mazoezi. Hilo lipelekwe hospitali, na la kifua lipelekwe saa hiyo hiyo.