Sanda ya Turin na Ushahidi wa Maandiko

Katika kanisa kuu la mji wa Turin, nchini Italia, huhifadhiwa kitambaa cha kitani chenye urefu wa mita 4.4 hivi na upana wa mita 1.1. Juu yake yaonekana sura hafifu ya mtu aliyesulubiwa, mbele na nyuma. Wako washikao kwamba ndiyo sanda aliyozikwa nayo Yesu, na wako wasemao kuwa ni kazi ya fundi wa Zama za Kati. Wengi hudhani kwamba shaka hii ililetwa na wanasayansi. Sivyo, ni ya kale karibu sawa na habari za kwanza za kitambaa chenyewe.

Habari hizo zatoka Lirey, kijiji cha Ufaransa, katikati ya karne ya 14. Katika barua ihesabiwayo kuwa ya mwaka 1389, Pierre d'Arcis, askofu wa Troyes, alimwarifu Clement VII, aliyekuwa akidai upapa huko Avignon, kwamba askofu aliyemtangulia alikwisha kulichunguza jambo hilo, na aliyekichora alikwisha kukiri. Jina la mchoraji hakulitaja. Mwaka 1390 Clement aliruhusu kitambaa kionyeshwe, kwa sharti watu waambiwe kuwa ni mfano wa sanda, wala si sanda yenyewe.

Watetezi hujibu kwamba d'Arcis aliona wivu kwa sadaka za Lirey, na kwamba nakala zilizobaki za barua yake hazina tarehe. Jibu hilo lilikuwa na nguvu hadi mwaka 2025, lilipotangazwa andiko la Nicole Oresme, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1382. Oresme alilitaja kanisa moja la jimbo la Champagne, lililodai kuwa na sanda ya Bwana, kuwa kielelezo cha hila za makasisi watafutao sadaka. Naye alikuwa askofu wa Lisieux, si wa Troyes.

Mwaka 1988 maabara za Oxford, Zurich na Tucson zilipima kaboni ya kitani, zikapata miaka ya kati ya 1260 na 1390. Imelalamikiwa kwamba vipande vyote vilikatwa pembe moja, na mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba vipimo vya maabara hizo havikulingana vema. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini hitilafu ya miaka mia hivi haitoshi kukirudisha kitani nyuma miaka 1300, tena kipimo chaangukia zama zile zile za barua. Namna sura ilivyotiwa haijaelezwa hata kuwaridhisha wote. Lakini hilo ni swali jingine, wala halibadili tarehe.

Liko na jambo la lugha. Katika Kigiriki, Marko atumia sindon, nguo moja. Yohana atumia othonia, neno la wingi, na kitambaa cha kichwa akitaja mbali. Tafsiri ya Kiswahili ya 1952 yatia neno sanda pote pawili, ingawa kwa Yohana husema vitambaa vya sanda, pamoja na leso. Kwa Mzungu aliyezoea kuwaza shuka moja, wingi huo ni kikwazo cha kupatanishwa na kitambaa cha Turin. Mswahili wa pwani, ambaye kwake sanda ya mwanamume ni nguo tatu na ya mwanamke tano, hausikii wingi huo kuwa ajabu. Bali huenda akauliza nguo nyingine zi wapi.