Kitambi hakitoki kwa mkanda wala maji ya ndimu

Mitaani kitambi bado kinahesabiwa kuwa dalili ya maisha mazuri, na mwenye nacho huitwa bosi hata kama hana ofisi. Madaktari hawakioni hivyo, na sababu iko ndani ya tumbo lenyewe.

Mafuta ya tumboni ni ya aina mbili. Yapo yanayokaa chini ya ngozi, ambayo unaweza kuyafinya kwa vidole. Madhara yake ni madogo. Mengine yamejificha ndani, yakizunguka ini, kongosho na utumbo. Haya humwaga asidi za mafuta kwenye damu, nyingine zikielekea moja kwa moja kwenye ini, pamoja na kemikali zinazovuruga kazi ya insulini. Sukari na mafuta hupanda katika damu, na hatari ya kisukari cha aina ya 2, shinikizo la juu la damu na magonjwa ya moyo huongezeka.

Mtu mwenye mikono na miguu myembamba anaweza kuwa na mafuta haya ya ndani, kwa hiyo mizani peke yake haitoshi. Chukua futikamba ya fundi cherehani, pumua nje taratibu, kisha pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa Shirika la Afya Duniani (WHO), hatari huanza kupanda mwanaume anapozidi sentimita 94 na mwanamke 80. Wakizidi 102 na 88, hatari ni kubwa zaidi.

Wengi hukimbilia mikanda ya kutoa jasho, maji ya ndimu na mazoezi ya kulala chali na kujikunja. Jasho ni maji, utayarudisha ukinywa. Ndimu haiyeyushi mafuta. Kujikunja hukaza misuli, lakini mwili hauchomi mafuta ya sehemu moja kwa kuagizwa.

Habari njema ni kwamba mafuta haya ya ndani ni mepesi kupungua mwili unapofanya kazi, wakati mwingine hata kabla mizani haijaonyesha tofauti. WHO inashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, sawa na nusu saa ya kutembea kwa haraka siku tano. Shuka daladala kituo kimoja kabla ya chako, na safari fupi usiite bodaboda. Ongeza siku mbili za mazoezi ya nguvu, mfano kuchuchumaa na kusimama.

Baada ya hapo tazama glasi yako. Soda ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi za sukari, wakati WHO inasema ni bora sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku. Bia nazo zina nishati nyingi, na mara nyingi hufuatana na nyama choma na chipsi. Kwenye sahani, punguza ugali au wali, ongeza mchicha, maharage na dagaa. Lala angalau saa saba, na kama unavuta sigara, acha.

Anayetumia dawa za kisukari au moyo azungumze na daktari wake kabla ya kubadili mlo au kuanza mazoezi mazito. Wengine, pimeni kiuno leo, andikeni namba, kisha pimeni tena baada ya miezi mitatu.