Uamuzi Gizani: Funzo la Oktoba 1962

Ndugu askari wa jeshi na polisi, wengi hudhani kwamba wakuu wa nchi, wanapokata shauri la vita au amani, hujua kila kitu. Sivyo. Mara nyingi huamua wakiwa gizani, nao hutegemea taarifa za watu kama sisi.

Tuchukue mfano wa Cuba. Tarehe 14 Oktoba 1962 ndege ya upelelezi ya Marekani ilipiga picha za makombora ya Urusi kisiwani humo. Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Lakini jicho la ndege huona lililo wazi tu. Wamarekani walikadiria kuwa askari wa Kirusi huko walikuwa kiasi cha 10,000, kumbe walizidi 40,000. Wala hawakujua kwamba askari hao walikuwa na silaha ndogo za nyuklia za kuwakabili wavamizi. Jambo hilo lilikuja kufichuliwa mwaka 1992.

Majenerali walimshauri Rais Kennedy ashambulie. Yeye alichagua kuzuia meli baharini, ili pande zote mbili zipate nafasi ya kufikiri.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 27 Oktoba. Ndege ya Meja Rudolf Anderson ilitunguliwa juu ya Cuba, naye akafariki. Je, Moscow ilikuwa imeamua kuanza vita? Kennedy hakuwa na hakika, akazuia kisasi. Baadaye ilithibitika kwamba amri ile ilitolewa na maofisa wa Kirusi waliokuwa Cuba, bila idhini ya Moscow. Kumbe hata Khrushchev alikuwa gizani! Kesho yake alitangaza kuyaondoa makombora. Mwaka 1963 miji mikuu hiyo miwili ikawekeana njia ya mawasiliano ya moja kwa moja.

Sisi tuliovaa sare tunajifunza nini? Kwanza, ofisa mmoja aliye mbali na makao makuu aweza kuiingiza nchi nzima vitani. Pili, tuliloliona tuseme tumeliona. Tulilolisikia tuseme tumelisikia. Na tunalolidhani tuseme twadhani tu. Askari wa zamu anayeziba pengo kwa maneno ya kubahatisha, ili ampendeze mkubwa wake, huifumba nchi macho.

Kujibu "Sijui bado, Afande" si aibu. Aibu ni kusema uongo kwa sauti ya hakika, kisha wenzetu wakazikwa kwa ajili yake.